Ndani ya Kofia ya Samurai

Leo nimejiaibisha mbele ya Maman Béatrice. Naam, yeye mwenyewe, mama yake Nadine. Ninyi mliobaki nyumbani mkiogopa mvua, acheni niwasimulie kabla kwaya haijawasimulia vibaya. (Ninaandika kwa kidole kimoja kwenye kompyuta ya tonton, mjomba wangu. Vumilieni.)

Mnajua leo kwaya ya parokia ilikwenda kuona maonyesho ya samurai, wale wapiganaji wa zamani wa Japani. Ni mahali ambapo mgeni anaruhusiwa kugusa. Unavuta upinde, unainua upanga wa mbao, unavaa mavazi yao. Mimi sikwenda kwa ajili ya upanga. Nilikwenda na sentensi moja kichwani: "Nadine, Jumamosi twende Flagey tule glace." Ni hiyo tu: aiskrimu kwenye uwanja wa Flagey. Nimeibeba tangu Pasaka. (Mwingine angekuwa ameshaisema, ameshakula glace, na ameshasahau.)

Kwenye tramu nilikaa nyuma yake, nikatazama nywele zake zilivyosukwa. Sikusema. Tulipofika nilimshikia mlango. Sikusema. Ndani, yeye na mama yake na Maman Véro, rafiki wa mama yake, wakaenda upande wa farasi. Mimi nikapotelea kwenye chumba cha mavazi.

Chumba kile, jamani! Giza kidogo, taa za karatasi. Ukutani walikuwa wanaonyesha theluji inaanguka, inaanguka, haifiki chini. Filimbi moja inalia mbali. Dada mmoja Mbelgiji, mfanyakazi wa pale, akanivalisha mavazi ya vita: kifua, mabega, miguu, na kamba nyekundu nyingi mgongoni. Halafu kofia yenye pembe, na kinyago chenye masharubu. Akaniketisha juu ya sanduku, kando ya samurai mwingine ambaye ndani yake hamna mtu. Akataka kunipiga picha. Filamu imekwisha! Akaniambia nisijisogeze, akaenda kutafuta nyingine.

Nikabaki peke yangu. Na hapo, marafiki, sijui niseme vipi. Ndani ya kinyago dunia inakuwa matundu mawili. Unasikia pumzi yako kama pumzi ya mtu mwingine, mkubwa, asiye na haraka. Nikaona theluji inatoka ukutani, inanijia mpaka magotini, na haina baridi. Nikajiona kwenye daraja la mbao. Nadine amesimama upande wa pili. Ninatembea kwenda kwake, miguu haitetemeki, sauti yangu inatoka nzima. Ninamwambia sentensi yangu. Naye anacheka taratibu, theluji imemtulia juu ya nywele. (Tafadhali, msimwambie hiyo ya theluji.)

Sijui nilikaa kule muda gani. Nilirudishwa na sauti ya Maman Véro.

"Béa, kuja uone! Bako wawili, wanakaa kama watu wanangoja chakula!"

Wakaja wakasimama mbele yangu, wote watatu. Nadine alikuwa karibu kiasi cha kunyoosha mkono.

"Uyu wa kushoto alikuwa mufupi," akasema Maman Béatrice.

(Wa kushoto ni mimi.)

"Na ma-moustache ni ya bure," akasema Maman Véro akiyacheka masharubu yangu, akanigonga kofia kwa kidole. Ko, ko, ko.

"Maman Véro, usiguse!" Nadine akasema.

Hapo ndipo mtu yeyote mwenye mdomo angeongea. Lakini Maman Béatrice akauliza:

"Bon, na ule kijana wa bass ameenda wapi? Ule bubu."

"Innocent? Aka, si bubu, maman. Iko na haya tu. Ukisimama karibu yake, anaimba muzuri," akasema Nadine.

Anaimba muzuri! Nikaacha kupumua. Nikaapa moyoni kwamba sasa sisogei hata mwaka. Macho tu ndiyo yalimfuata Nadine, yenyewe, bila kuniuliza.

"Véro," akasema Maman Béatrice polepole. "Macho yake inatembea."

"Ni ma-lampe," akasema Maman Véro, akionyesha taa za karatasi.

"Nakuambia inatembea! Inaangalia mutoto wangu!"

Akarudi nyuma. Akafanya ishara ya msalaba, akanyoosha mwavuli, na kwa sauti ile anayofungulia mkutano wa wamama akasema:

"Tumsifu Yezu Kristu!"

Ndugu zangu, mnatujua. Mtoto aliyesoma kwa masista Bukavu hachagui. Mwamshe usingizini, atajibu. Mzamishe majini, atajibu kwa mapovu. Mdomo wangu ukaitika wenyewe, kwa bass yote, sauti nzito niliyo nayo, ikivuma ndani ya ile kofia:

"Milele na milele! Amina!"

(Hata kanisani sijawahi kuitika vizuri hivyo.)

Maman Véro alipiga kelele ambayo nadhani ilifika Oudergem. Maman Béatrice hakukimbia. Alipiga! Mwavuli kichwani, mwavuli begani.

"Shetani! Hata sala unajua!"

Nami, kwa kuwa nimelelewa, siwezi kukaa wakati mzazi amesimama. Nikainuka nimsalimie. Miguu ilikuwa imekufa ganzi. Nikaanguka kifudifudi kama kabati la vyombo, kinyago kikanitoka, na kofia ikabingirika mpaka miguuni kwa Nadine.

Nadine akaiokota. Filimbi bado inalia mbali.

"Innocent?" akasema Maman Béatrice. "Kumbe unasemaka!"

"Jambo, maman," nikasema nikiwa chini.

"Unatafuta nini mule ndani?"

Nilitafuta uongo mzuri, sikuupata. Kichwani mlikuwa na sentensi moja tu, ile ya tangu Pasaka. Ikatoka.

"Nilitaka kumwomba Nadine, Jumamosi twende Flagey tule glace."

Nilimwambia mama! Mbele ya mlinzi aliyekuja mbio, mbele ya yule dada na filamu yake mkononi. Nadine alikuwa ameketi sakafuni, amekumbatia kofia yangu, anacheka mpaka machozi.

Maman Béatrice akanitazama kuanzia utosini mpaka kwenye kamba nyekundu.

"Utaenda na hii nguo?"

"Hapana, maman. Na nguo yangu."

Akafikiri. Akamtazama binti yake. Nadine akaacha kucheka, akainamisha kichwa, akaitikia kwa kichwa hivyo hivyo.

"Bon. Atakuja," akasema Maman Béatrice. "Na mimi nitakuja."

Basi ninawaomba. Jumamosi mkituona Flagey, watu watatu na glace tatu, piteni kimya. Na anayenipenda asinisalimie kwa "Tumsifu". Mnajua nitaitika, hata mdomo ukiwa umejaa.