Malalamiko Kuhusu Mama Mdogo na Neno "Karibu"

Kwa Mkuu wa Banda la Mbwa wa Jeshi,

Mheshimiwa, shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi, marahaba. Mimi ndiye mzee niliyewazalishia mbwa kumi na wanne, akiwemo Mama Mdogo, yule jike mweusi mliyemfungia tangu Jumanne kwa kumng'ata mkaguzi. Dereva wenu kanieleza yote, na kwamba mnataka kumfukuza jeshi. Nalalamika hivi:

1. Mama Mdogo hana kosa. Nilimfundisha mwenyewe, kwa siri, kwamba neno la kushambulia ni "karibu". Mwizi akilisikia anajilegeza, ndipo analiwa. Akili hiyo chuoni haipo. Mimi sikusoma, nilizaliwa nayo.

2. Mkaguzi aliposhuka garini, wewe mwenyewe ulimwambia "karibu mzee, karibu sana, karibu ndani". Hizo ni amri tatu. Mbwa kauma mara tatu. Mlitaka utii wa namna gani tena?

3. Askari wako wanane walisimama wima wakitazama suruali ya mkubwa ikienda zake. Mbwa wenu wengine walitikisa mikia. Kambi nzima aliyekuwa kazini ni mmoja, na ndiye mliyemfunga.

4. Mkaguzi, na nyota zote zile mabegani, alimkimbia askari asiye na cheo mpaka akapanda meza ya chai. Huyo mmemuuliza?

Kwa hiyo naomba Mama Mdogo afunguliwe, apewe usajini, na neno "karibu" lipigwe marufuku kambini. Mgeni akija aambiwe "umefuata nini hapa", atakuwa salama kabisa.

Nisalimie wapishi, madereva, na mkaguzi akishaweza kukaa.

Ni mimi, Fundi wa Mbwa, ambaye hajakosea tangu azaliwe.

Nyongeza: Binti yangu muuguzi, anayeniandikia, aliweka kalamu chini mpaka niseme kweli. Haya. Sikumfundisha Mama Mdogo kitu. "Karibu" nilikuwa namwambia nikishatenga chakula, tukala pamoja, yeye na sufuria yake, mimi na sahani yangu. Alidhani mkaguzi ndiye kitoweo. Basi cheo msimpe. Mfukuzeni tu, hata leo kama gari lipo. Tangu aondoke nasema "karibu" na haji mtu.