Bata Bukini Aliyeshika Pete ya Kanisa

Sogeeni karibu na moto, enyi watu wa msituni na watu wa mashambani, mlioshiba na mnaojisingizia kushiba. Wekeni vikombe chini, na mwenye kikohozi akikohoe chote sasa, maana nikianza sitaki kukatizwa. Wako wasimulizi wanaosimulia jinsi wafalme walivyobomoa ngome na kuvuka bahari kwa merikebu elfu. Waacheni, wafalme hawajawahi kupungukiwa na wa kuwasifu. Mimi nasimulia vita vilivyopiganwa katika kijiji chetu cha Thornwick, mkesha wa sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli na sikukuu yenyewe, baina ya mtu mmoja na tumbo lake. Ewe Mikaeli, uliyemwangusha joka kutoka mbinguni, niazime upanga wako niunolee ulimi, kwani joka ulilokutana nalo wewe halikuwa na njaa kama hili.

Mtu huyo ni Bruda Gamel, Gamel wa Videvu Viwili, Mfariji wa Mapipa, Hofu ya Majiko. Watawa wenzake walimfukuza kwa kosa la kuonja pai ya abati, mkuu wao, ili kuhakikisha haina sumu, akaendelea kuhakikisha mpaka pai ikaisha. Tangu siku hiyo akawa wetu, sisi tuliokataliwa na sheria. Alituungamisha, alitubatizia watoto, alituimbia nyimbo ambazo nusu zilikuwa za kanisani. Nje ya msitu sheria ilimhesabu kuwa mbwa mwitu, kama ilivyotuhesabu sote, na yeyote aliyemkuta barabarani alikuwa na ruhusa ya kumuua na kwenda zake kula.

Ukingoni mwa msitu aliishi Hawise, mjane mpika pombe. Alipochomeka tawi bichi juu ya mlango wake, tulijua pombe imeiva. Alikuwa na bata bukini mmoja jike, mweupe, mzee, mwenye hasira za mama mkwe, jina lake Petronila. Marehemu mumewe alimletea akiwa kifaranga ndani ya kofia, na kofia ile na ndege yule ndivyo vitu pekee alivyomwachia. Askari wa bwana mkubwa walipokaribia, Petronila alipiga kelele, nasi tuliokuwa ndani tukinywa tulitoka kwa mlango wa nyuma. Wengi wetu tungali na vichwa mabegani kwa sababu ya koo la ndege huyo.

Basi ikawa, mkesha wa Mikaeli, siku inayotangulia ile ambayo kila nyumba yetu yenye uwezo huchoma bata bukini, mbweha waliingia bandani mwa bwana mkubwa wakamaliza ndege wote. Mnyapara wake, Warin, mtu mrefu mkavu, ambaye hacheki ila bwana wake akicheka kwanza, akaenda kwa Hawise na kumwambia kwamba Petronila amenenepa kwa masalia ya mavuno ya shamba la bwana, kwa hiyo nyama ile ni ya bwana, naye atakuja kuichukua mchana. Hawise hakubishana. Alijifunga kitambaa chake kichwani, akaja msituni kwetu peke yake.

“Mimi nyumba yangu inachungwa,” alisema. “Nikionekana tu na bata kwapani, nimekwisha. Nani atakwenda kunichukulia Petronila?”

Wakubwa wetu walikuwa mbali siku hiyo. Ndipo akasimama Gamel, taratibu, kama mnara unaojengwa, akapangusa makombo kifuani na kusema, “Nitakwenda mimi.”

Tulicheka mpaka njiwa wakaruka mitini. “Haya sasa,” nikasema mimi, “fisi anaomba zamu ya kulinda bucha.” Nilikuwa na haki ya kusema, kwani nalala karibu naye, na wiki nzima alikuwa akiongea usingizini, na maneno yote yalikuwa ya vitunguu na mafuta. Lakini Hawise hakucheka.

“Bruda, niangalie usoni,” alisema. “Nakupa mzima, na namtaka mzima.”

“Mama Hawise,” akajibu, akiinua ncha ya kamba ya kiunoni, “kwa kamba hii niliyofungwa nayo siku ya nadhiri zangu, ambayo imeungwaungwa kwa sababu tunazozijua sote, naapa. Petronila akipungua unyoya, mimi nipungue kichwa.”

Akaenda. Nami nikamfuata nyuma ya ua wa miiba, maana nilitaka kuona. Petronila alimpokea kwa kumuuma kidole; yeye akamshukuru, akamtia kwapani, akageuka kurudi msituni. Lahaula, njia ilikuwa imezibwa. Warin amewahi, na watumishi wawili wenye marungu, wamesimama kati ya nyumba na miti. Nyuma ya Gamel palikuwa na mto uliofurika. Palibaki uwanja wa kijiji, na ng'ambo ya uwanja, kanisa.

Kila mtoto wa nchi yetu anajua: mhalifu akiishika pete ya chuma ya mlango wa kanisa, mkono wa sheria unakomea hapo. Ataungama kosa lake, atakaa humo kwa siku arobaini akitaka, kisha atabeba msalaba wa mti na kuihama nchi ya bwana aliyemkosea. Mpaka ayafanye hayo, asiguswe.

Basi Gamel Mkuu akakimbia. Au niseme tumbo lilikimbia, naye akalifuata. Akapita katikati ya matope yaliyomeza kiatu chake cha kushoto, akapita juu ya nguruwe wa muuza mishumaa ambaye hakupenda kupitiwa, akapita chini ya nguo zilizoanikwa akatoka upande wa pili amevaa shuka ya mtu. Petronila kwapani alikuwa akimuuma sikio, na kelele zake ziliwatoa watu wote nje. Nyuma yao marungu yalikuwa yakikaribia, na niliiona shingo ya rafiki yangu, nene na nyekundu, nikaogopa kweli. Sikucheka tena.

Akafika mlangoni. Pete ile pale. Na hapo, enyi wasikilizaji, shujaa wetu akagundua kosa lake: mikono yote miwili ilikuwa imemshika bata. Akimwachia ashike pete, Petronila anakamatwa. Asipomwachia, wanakamatwa wote. Akasimama akihema. Warin akanyoosha mkono, akamshika kofia ya joho. Petronila, ambaye maisha yake yote hajawahi kuona kitu kinachong'aa asikiume, akanyoosha shingo, akaing'ata pete ya kanisa kwa mdomo wake wote.

Kijiji kizima kikasogea kuona.

“Huyu hakushika,” akasema Warin. “Twende.”

Mlango ukafunguliwa, akatoka Padri Osbert, paroko wetu, mzee mwenye macho mabovu na kiu nzima. Akauliza ni nani ameshika pete. Watu wakamwambia ni Petronila wa Hawise. Padri akainama mpaka pua yake ikagusa mdomo wa bata, akathibitisha.

“Sheria haisemi mhalifu awe na miguu ya namna gani,” akasema. “Huyu ameshika. Asiguswe.”

“Vema, Baba,” akasema Warin. “Bata ni wako. Mtawa ni wangu.”

Hapo ndipo Gamel alipotoa hotuba, kofia yake ingali mkononi mwa adui. “Baba Paroko, nakuuliza kama mwanafunzi anavyomuuliza mwalimu wake. Mtu akikimbilia hapa na mzigo wake, mzigo unabaki nje?”

“Hapana. Unaingia naye.”

“Basi aliyeshika pete ni Petronila, na mimi ndiye mzigo wake. Tumekuja pamoja, tumeshikana, kijiji kizima kimeona. Mzigo mkubwa kuliko mwenyewe, nakubali, lakini wangapi hubeba makubwa kuliko wao?”

Watu wakaangua kicheko, na mama mmoja akasema kwa sauti kwamba leo Bruda amevishwa pete, harusi na iwe njema. Padri akaamua kwamba mzigo uingie.

Warin aliiachia ile kofia. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonitia baridi. “Sawa,” alisema. “Mzigo ni salama maadamu mwenyewe yupo. Ila desturi husema anayelishwa na kijiji ni mkimbizi, na mkimbizi hapa ni bata. Mleteeni shayiri. Mzigo hauli.” Akamtazama Gamel, tena tumboni. “Kesho ni Mikaeli, Bruda. Kisu chako unacho, na mishumaa ya kuchomea imo humo ndani. Siku mwenyewe atakapoliwa, mzigo ni wangu, na kamba ninayo. Mimi nitakaa hapa mlangoni, sina haraka.”

Sasa mnaona vita vilivyokuwa. Alichohitaji kufanya Bruda Gamel ili aokoe shingo yake na ndege wa mjane ni kitu ambacho mtoto mchanga hukifanya akilala: kutokula. Lakini huyu alikuwa Gamel. Kutwa ile na usiku ule hakuonja kitu. Kulipokucha, sikukuu ikaingia, na moshi ukaanza kupanda katika kila paa la Thornwick. Mimi nilikuwa juu ya mti mkongwe wa makaburini, uso wangu ukiwa usawa wa dirisha la kanisa, nikaona yote. Harufu ya bata wa kuchoma, wa vitunguu, wa tufaha, wa majani ya bustanini, ilivuka uwanja na kuingia mle kwa dirisha na kwa mlango na kwa kila ufa wa ukuta. Mimi mwenyewe niliyekuwa nimekula nilitaka kulia.

Gamel alikaa chini mbele ya altare. Alifumba macho. Pua ilikataa kufumbwa. Akaanza zaburi, akafika kwenye mstari wa meza iliyoandaliwa mbele ya watesi, akaiacha. Kisha akamgeukia Petronila.

“Dada yangu,” nilimsikia akisema kwa upole, “tuongee kama watu wazima. Wewe umenona. Sisemi kwa ubaya. Nimekubeba jana, na mkono wangu una elimu. Paja hili la kushoto hasa.” Petronila alimtazama kwa jicho moja. “Wewe ni mzee, hata hivyo. Miaka mingapi tena utaishi? Mama Hawise angelia wiki moja, kisha...”

Akachomoa kisu.

Nami pale juu ya mti, nawaambia bila haya, nilianza kuomba, mimi ambaye huwa naomba mvua tu na bahati. Gamel alikipima kisu kwa kidole gumba. Alikitazama kwa muda mrefu, kama mtu anayemtazama rafiki wa zamani anayemdai deni la aibu. Kisha akainuka, akaja dirishani, akakirusha nje kwa nguvu zake zote. Kilipita kando ya sikio langu na kukwama kwenye tawi. Akarudi, akapiga magoti mbele ya bakuli la shayiri la Petronila. “Nisogezee kidogo, mama,” akasema. Wakala, yeye upande huu, ndege upande ule, wakitafuna shayiri kavu, na machozi yalimtoka Hofu ya Majiko yakadondokea humo bakulini. Petronila alimuuma mara moja tu.

Hivyo ndivyo Mikaeli ilivyopita. Kule ngomeni bwana mkubwa alikula kondoo, na tunasikia hakutambua tofauti. Asubuhi iliyofuata Warin aliufungua mlango mwenyewe, macho yakitafuta manyoya sakafuni. Aliyoyakuta ni haya: Bruda Gamel amelala chali akikoroma, na juu ya tumbo lake, pale penye joto na nafasi, Petronila ameketi amejikunyata, akimtazama mnyapara kama mwenye nyumba anavyomtazama mgeni asiyebisha hodi.

Padri akasema mkimbizi aungame, ahame. Gamel akamwinamia ndege, akasikiliza kwaa kwaa zake mpaka mwisho, akitikisa kichwa kwa huzuni. Warin hakuweza kujizuia. “Amesema nini?”

“Bwana Mnyapara,” akajibu Gamel, “siri ya kitubio haitoki. Ila jina lako limetajwa.”

Na hapo, kwa mara ya kwanza bila ruhusa ya bwana wake, Warin alicheka, akasogea kando ya mlango. Watu wakamfunga Petronila vijiti viwili vya msalaba shingoni, akatoka mbele kwa maringo, akiihama nchi ya bwana kwa njia fupi kuliko zote, ile ya msituni, na mzigo wake ukamfuata nyuma kwa kiatu kimoja.

Hawise alikuwa akingoja chini ya miti. Alimchukua ndege wake, akampapasa mabawa, kifua, mapaja, akimkagua kama mama anayemkagua mtoto aliyetoka kwa shangazi. “Mzima,” alisema. Akafunua kikapu alichokuwa amekificha chini ya shali. Jirani alikuwa amempelekea chakula cha sikukuu, naye hakukigusa; alimwekea Bruda. Lilikuwa paja la bata bukini, la kushoto, la rangi ya dhahabu, mafuta yakiwa yameganda pembeni.

Gamel alilipokea kwa mikono miwili. Alilileta mdomoni. Petronila, kwapani mwa Hawise, akamtazama kwa jicho moja.

Yaandikwe basi na wenye wino, yachongwe na wenye mawe, kwamba mwaka ule, siku ya pili ya Mikaeli, Bruda Gamel wa Videvu Viwili alikishusha chakula kutoka mdomoni mwake kikiwa kizima, jambo ambalo halikuonekana kabla ya hapo katika milki yote ya mfalme, na akauliza kwa sauti ndogo kama kuna jibini. Kama yuko asiyesadiki, mashahidi wa siku ile wengi wamekufa au wamenyongwa. Lakini mimi nipo. Na nina hakika kuliko wote kwamba hakulila paja lile, kwa sababu nililila mimi.