Ukutani kwa Mama Sipo

Jumatatu, 3 Juni

Mama anahamia kwa dada. Jumapili hii! Magoti yake yamekataa ngazi zetu, na nyumba ya dada haina ngazi. Nimekubali, ingawa hakuna aliyeniuliza. Ameanza kufungasha. Kasema atachukua picha moja tu kati ya zile za ukutani, maana chumba cha huko ni kidogo na dada hataki kuta zake zitobolewe.

Nikaenda kutazama atachukua ipi. Ukuta mzima umejaa! Harusi ya dada. Mahafali ya binti yangu. Marehemu baba na suti yake ya kijivu. Hata paka wa jirani yupo, tena mara mbili. Mimi sipo. Hata moja! Mimi ndiye mpigapicha wa familia tangu nilipoota ndevu, zote nimepiga mimi. Yaani Mama ataondoka na ukoo mzima, kasoro mwanawe wa pekee wa kiume.

Binti yangu anasoma falsafa chuoni, yuko likizo. Nikamlalamikia. Badala ya kunipa pole, akafurahi. Akasema hilo ni swali zito, wenye akili zao wamelumbana miaka na mikaka: hiyo nafsi ipo kweli, au tumezoea tu kusema "mimi, mimi"? Wapo wanaodai mtu huwa mtu kwa kutazamwa na wenzake. Nikamuuliza, na asiyetazamwa je? Akaendelea kumenya chungwa.

Na ada ya chuo analipa nani? Mtu asiyekuwepo!

Jumanne, 4 Juni

Nina mpango. Kamera ijipige yenyewe. Unaibonyeza, inasubiri kidogo, wewe unakimbia kujiunga na wenzako. Kabla ya kusumbua familia nikafanya majaribio studioni kwangu. Nikapanga viti badala ya watu. Mama katikati, dada kulia, mke wangu kushoto. Pengo langu nikaliacha. Nikabonyeza, nikatimua mbio. Lo! Mguu ukakutana na waya wa taa. Taa chini, mimi chini, goti limevimba.

Picha imetoka safi sana. Viti vyote vipo.

Mke wangu amenikanda goti kwa maji ya moto huku akicheka mpaka machozi. Kasema kama sipo, basi hili analolikanda tangu saa kumi ni goti la nani? Nikamwambia mambo ya nafsi hayahusiani na goti. Akakandamiza pale pale panapouma. Nikakiri kwamba nipo, kwa muda.

Jumatano, 5 Juni

Nimehamia kwenye kompyuta. Ipo picha ya marehemu baba amemshika Mama bega, na nyuma yao pana nafasi. Nikachukua picha yangu ya pasipoti, nikajipachika hapo. Kazi ya kutwa! Shingo iligoma kukaa. Nikaibembeleza, ikakaa. Nikaitia kwenye fremu, nikampelekea Mama kwa mbwembwe zote.

Mama akavaa miwani. Akaitazama sana. Akauliza kwa upole, huyu bwana aliyekodoa macho nyuma ya baba yenu ni nani, na alifariki lini?

Binti alitoka upesi. Nilimsikia akicheka jikoni.

Ijumaa, 7 Juni

Jana sikuandika. Nilikuwa nimenuna.

Leo nimekwenda kwa Kipara. Kipara ana studio ng'ambo ya barabara, tumenyang'anyana wateja miaka yote, na mimi ndiye niliyeeneza kwamba picha zake hukata watu vichwa. Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nimeinama. Nimemwomba aje kesho atupige picha ya familia, na mimi niwemo.

Nilijua atanicheka. Wapi! Akafuta lenzi kwa pindo la shati (lenzi! kwa shati!), kisha akasema hata yeye, ukutani kwa mama yake, hayupo. Nikakaribia kumpenda. Halafu akasema atakuja kwa sharti moja tu, nisifungue mdomo. Nikaghairi kumpenda.

Jumamosi, 8 Juni

Tumepangwa uani. Kipara akamweka Mama jua likimchoma machoni. Nikauma ulimi. Dada akainamisha kidevu. Nikauma tena. Mke wangu ana uzi begani! Hapo uvumilivu ukaniishia. Nikachomoka, nikautoa uzi. Kipara akabonyeza. Nikachomoka kuinua kidevu cha dada. Akabonyeza. Nikamsogeza Mama kivulini. Akabonyeza tena, mshenzi yule. Katika picha hizo nipo, ndiyo: mkono, kisogo, na makalio ya suruali.

Kipara akauliza, hapa mpigapicha ni nani? Dada akasema tuamue upesi, ana chungu jikoni.

Mwishowe Mama akanishika mkono, vile alivyokuwa akinishika tukivuka barabara. Akasema, tulia, mwanangu. Nikatulia. Picha ikapigwa. Nipo! Mdomo uko wazi kidogo, maana nilikuwa namwelekeza Kipara kwa kunong'ona, lakini nipo mzima, na mkono wa Mama unaonekana. Nimeitia kwenye fremu nzuri kuliko zote nilizo nazo.

Jumapili, 9 Juni

Mama ameondoka. Hakuichukua.

Mizigo ilikuwa imeshapakiwa. Nikamkabidhi fremu. Akashukuru, akaibusu, akanirudishia. Kasema hiyo ibaki kwangu, yeye alikwisha chagua. Akatoa mkobani picha yake ya zamani ya ukutani, amesimama mlangoni na sufuria mkononi, anacheka meno yote nje. Yuko peke yake! Roho iliniuma, sifichi. Nikamwambia, Mama, humo simo.

Akasema nimo. Akaniuliza, unadhani nilikuwa namcheka nani?

Nikakumbuka. Ilikuwa kamera yangu ya kwanza. Nilibonyeza huku narudi kinyumenyume ili nimpate mzima na sufuria yake, nikaketi ndani ya beseni la nguo zilizolowekwa. Mama kasema kila akiitazama picha hiyo ananiona mimi, nimelowa chapachapa, kamera nimeiinua juu isiguse maji. Akasema na zile nyingine za ukutani ni hivyo hivyo, nitazame watu wanaangalia wapi. Wote wananiangalia mimi.

Nimelia mbele ya dereva. Mama akanifuta kwa ncha ya mtandio, akaniambia nimpigie simu kila Jumapili na nisisahau kula. Gari likaondoka. Mke wangu akanishika kiuno, tukasimama pale mpaka vumbi likatulia.

Binti kasema bibi yake ni kiboko, kawamaliza wanafalsafa wote. Ni kweli. Nimeelewa sasa. Nipo, na nimekuwepo siku zote. Moyo umetulia tuli. Sina tena neno na mtu.

Jumatatu, 10 Juni

Picha ya Kipara nimeitundika sebuleni. Nikakaa na chai yangu, nikafuata ushauri wa Mama, nikatazama watu wanaangalia wapi.

Mungu wangu! Wanamwangalia Kipara! Mke wangu anamwangalia Kipara. Dada anamwangalia Kipara, tena anatabasamu, tabasamu ambalo mimi sijawahi kupewa. Mama yangu mzazi anamwangalia Kipara! Hata mimi! Ukoo wangu mzima umejipanga uani, na nguo za kutokea, kuthibitisha kwamba Kipara yupo.

Nimeishusha. Nimempigia dada simu amrudishe Mama Jumamosi, walau kwa saa moja, tupige upya, safari hii mimi nikiwa nyuma ya kamera. Dada kakata simu. Nitampigia tena mchana. Binti kaniuliza, baba, ukiwa nyuma ya kamera si hutakuwemo tena pichani?

Nimemwambia asiniletee falsafa asubuhi asubuhi.