Mgonjwa Aliye Ukutani

Kamukuzi, Mbarara
Alhamisi, baada ya chai

Kwa Mheshimiwa Bienvenu,
Mwanangu wa kwanza, Mlipaji wa Pango na Msimamizi Mkuu wa Kengele,
Norwei.

KUH: MALALAMIKO JUU YA KENGELE YA MLANGONI, KWANZA KWA KUGUNA, KISHA KWA KUACHA KUGUNA

Mheshimiwa,

Salamu nyingi katika jina la Bwana. Mimi mama yako mzazi ni mzima, na macho yanaendelea vizuri. Daktari wa macho wa Ruharo ameniruhusu kuandika, mradi nisiandike kwa hasira, kwa hiyo naandika polepole.

Najua utashangaa kupokea barua ndefu ya mkono, iliyopigwa picha ukurasa kwa ukurasa na kutumwa kwenye simu yako. Nimelazimika. Nikikupigia, simu inaita mpaka inachoka. Baadaye unaandika, "Mama niko kazini, nitakupigia," nami nakaa na simu mapajani mpaka giza linaingia. Sikulaumu, maana samaki wa kiwanda chenu hawawezi kujikata wenyewe. Lakini nyumba uliyonipangia ina vyumba vinne na mimi ni mtu mmoja, na mambo yaliyotokea humu ndani hayawezi kusubiri mpaka samaki waishe baharini.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Kengele uliyoituma, ile yenye jicho la kamera inayokuonyesha wewe huko ni nani amesimama mlangoni kwangu huku, ilifungwa na fundi Eliezeri wa Kakoba kwenye nyaya za kengele ya zamani ya mwenye nyumba. Kwa nje inapendeza, ina taa ya buluu. Lakini ndani, kwenye kile kisanduku cha mlio kilicho ukutani karibu na chumba changu, ilianza kuguna siku hiyo hiyo. Sisemi kulia. Kulia ndiyo kazi yake. Inaguna, mmmmmm, mchana kutwa, kama mtu anayeumwa tumbo na hataki kuwasumbua wenyeji. Mtu akibonyeza, inaguna zaidi. Siku ya kwanza niliiambia pole.

2. Matengenezo uliyoyaongoza kutoka Norwei yamenivunjia heshima. Jumamosi moja ulinipigia kwa video, nikafurahi, nikavaa hereni, kumbe ulitaka kuzungumza na kengele. "Mama, zima swichi kuu. Mama, panda juu ya stuli. Mama, fungua kifuniko. Mama, geuza simu, naona pua yako." Mimi, mjane mwenye wajukuu, niliyeongoza kwaya ya akina mama kule kambi ya wakimbizi Nakivale, nimesimama juu ya stuli na tochi mdomoni nikitafuta waya uliolegea. Hakuna uliolegea.

Ukaagiza Eliezeri arudi. Akapuliza vumbi kwenye kile kichuma kinachogonga, akasema imepona. Haikupona. Akasema basi transfoma ya mwenye nyumba ni dhaifu, akaleta nyingine kubwa kutoka mjini. Kweli ile ya kwanza ilikuwa dhaifu, maana kengele ilipopata umeme wa kushiba iliguna kwa afya njema mpaka vikombe vikaitikia kabatini. Ukauliza kama ndani ya katoni kulikuwa na kidude kidogo chenye nyaya mbili. Kilikuwepo, ila Eliezeri akanijibia: "Hiyo ni spea, mama. Weka muzuri, siku ingine itasaidia." Nikakiweka vizuri, chini ya vyeti vyangu vya ubatizo na chanjo. Sisi tuliopanga foleni ya mgao miaka yote hii hatuchezei kitu cha akiba.

3. Kuguna huko kumeniletea wageni. Wa kwanza alikuwa Apolline, mwenyekiti wa akina mama wa maombi, ambaye ni mtu wa kwetu Uvira na anauza vitenge Kakoba. Alibonyeza kengele, na wakati mimi nafunga kilemba, yeye akawa amesimama nyuma ya mlango anasikiliza. Nilipofungua alinishika mikono yote miwili. "Mama Bienvenu, tusifichane. Mugonjwa ni nani?"

Nikasema hakuna mgonjwa, ni kengele. Akachungulia korido. "Kengele ndiyo inalia hivi?" Nikasema ndiyo, mwanangu wa Norwei anaishughulikia. Apolline akanitazama kwa huruma, hakunywa hata maji, akaondoka mbio.

Mchana alirudi na akina mama wote wa maombi, na thermosi ya uji, na sukari, na sabuni ya kufulia mashuka ya mgonjwa. Wakakaa kwenye viti vyako vipya ambavyo havijawahi kukaliwa. Mmoja wao akaniuliza kwa sauti ya chini, taratibu, nimeanza lini kusikia kengele. Hapo nikajua mgonjwa amekwisha patikana, na ni mimi.

4. Habari ilifika Nakivale kabla uji haujapoa. Jumapili likaja gari zima la watu wa kanisa, kuku miguuni, viazi juu, na Mzee Mihigo, kiongozi wao, mbele na dereva. Na hapa, Mheshimiwa, ndipo ninapokushitaki wewe mwenyewe.

Mzee Mihigo alipanda barazani, akavua kofia, akabonyeza kwa adabu. Kabla sijafika mlangoni sauti yako ikatoka ukutani, kwenye ile kengele: "Wewe ni nani? Unatafuta nini hapo?" Bienvenu! Kwetu mtu akipiga hodi anaambiwa karibu. Jina lake linajulikana baadaye, akishakaa na kupewa maji. Mimi nyuma ya mlango nilitamani sakafu inimeze. Mzee wa watu akaujibu ukuta kwa heshima zote: "Ni miye Mihigo, mutoto. Nilikubatiza mu ziwa, ukalia sana, batu bote bakacheka." Wewe mtandao ukakukatikia hapo hapo, au ulikata kwa aibu, sitaki kujua.

Sasa fikiri kwa kichwa chao. Sauti ya mwanamume inatoka kwenye ukuta wa nje. Mguno unatoka kwenye ukuta wa ndani. Katikati amesimama mjane anayesema kila kitu kiko sawa, ni umeme tu. Hata mimi ningekuwa mgeni ningeanza kufunga na kuomba.

Wakakizunguka kisanduku. Apolline akaanzisha wimbo. Mzee Mihigo akainua mkono, akaiamuru sauti hiyo inyamaze, wakasema amina, na umeme wa mtaa mzima ukakatika. Kimya. Vigelegele vilipigwa mpaka watoto wa jirani wakapanda ukuta kutazama harusi. Nilijaribu kusema kwamba hata friji imezimika, hakuna aliyenisikiliza. Gasore, yule mpiga gitaa, alikuwa katikati ya kutoa ushuhuda wakati umeme uliporudi, na kisanduku kikaguna kuliko mwanzo. Gasore akakaa chini. Mzee Mihigo akajifuta jasho, akasema, "Huyu ni wa siku mingi."

Na siku zikawa nyingi kweli. Walijipanga kwa zamu. Wa Kakoba asubuhi, wa Nakivale kila walipopata gari la kuja sokoni. Wanaomba, wanakula, wanakumbushana habari za nyumbani, wanaomba tena. Sufuria zote zilitoka kabatini. Nilisonga bugali mpaka mwiko ukavunjika. Sikupata nafasi ya kulala mchana, sebule ilinuka kuku na sombe ya majani ya muhogo, fasi ya kukanyaga haikuwepo, na nilicheka mpaka presha ikashuka. Nesi aliponipima aliuliza nimebadilisha dawa gani. Nalalamika rasmi kwamba ilinibidi nimtajie kuku na sombe.

5. Jumatatu iliyopita Eliezeri alikuja na fundi mwenzake aliyewahi kufunga kengele za namna hii. Yule mwenzake alifungua kisanduku, akatazama, akauliza kile kidude kidogo kiko wapi. Nikakitoa chini ya vyeti. Wakazima swichi kuu, wakakiunga ndani ya kisanduku pale nyaya mbili zinapoingia. Kumbe ile kengele ya nje inakunywa umeme kidogo kidogo muda wote ili jicho lake lisifumbe, na umeme huo ulikuwa unapitia kwenye kisanduku na kukitikisa kichuma. Kidude kinaupitisha pembeni. Wakawasha. Kimya. Wakabonyeza: ding, dong, basi. Eliezeri akasema yeye alijua tangu mwanzo.

Na hili, Mheshimiwa, ndilo lalamiko langu kubwa kuliko yote. Jioni ile Apolline aliniandikia: "Tumesikia umepona, Bwana asifiwe! Sasa tunaenda kwa mugonjwa wa Ruharo." Siwezi kumlaumu. Mtu mzima haombewi kwa zamu. Tangu hapo kengele yako haina kasoro hata moja na hakuna anayeibonyeza. Nasikia friji. Nasikia kijiko cha jirani kwenye kikombe cha jirani. Juzi nilisimama koridoni mbele ya kile kisanduku nikakiambia, guna basi. Nina upweke, mwanangu. Nimeandika neno hilo kwa herufi ndogo ili lisikutishe, lakini nimeliandika.

Kwa sababu hizo naomba ofisi yako itekeleze yafuatayo:

(a) Kengele ing'olewe pamoja na jicho lake, nyaya zake na kidude chake.

(b) Mlango uondolewe vitasa, litundikwe pazia la kitenge kama kule Nakivale, ambako mtu anasema hodi akiwa tayari amekwisha ingiza kichwa na anauliza mmepika nini.

(c) Kama (b) itawashinda wewe na mwenye nyumba, nirudishwe Nakivale kwenye nyumba yangu ya udongo, ambako mtu hahitaji kuumwa ndipo atembelewe. Macho nitayaleta Ruharo siku za kliniki. Yamezoea gari.

Nakupa mpaka mwisho wa mwezi. Baada ya hapo nitaing'oa mwenyewe kwa mwiko mpya, na utaniona ninavyoing'oa, maana itakuwa inakuonyesha.

Msalimie mkeo Grâce, mwambie kitambaa alichonitumia nimekishona na kimenikaa. Wasalimie watoto, waambie bibi yao bado anatafuna mahindi ya kuchoma. Msalimie msimamizi wako kiwandani, umwambie kwa heshima kwamba huyo anayemkatia samaki ana mama. Mzee Mihigo anakusalimu, amekusamehe, ila anasema sauti yako imekuwa nzito mno kwa mtu aliyelia vile majini. Eliezeri naye anakusalimu na anauliza kama huko wanahitaji mafundi.

Ni mimi, mwenye malalamiko na mwenye kukupenda,

Pascaline
Mama yako mzazi

N.B. Puuza kifungu cha kwanza mpaka cha tano, na (a), (b) na (c) zote.

Nilikuwa nimekwisha maliza barua hii. Nikatoka barazani kuipiga kengele picha, niiambatanishe kama kielelezo, na nikaibonyeza ili taa yake iwake itoke vizuri. Sikuwa nimewahi kuibonyeza. Mwenye nyumba anajipigia hodi ya nini? Sijaondoa hata kidole, ukajibu: "Mama? Kuna nini? Umefungiwa nje?"

Nilisikia mashine za kiwanda nyuma yako. Nilikusikia unawaambia wenzako kwa lugha yao wakungoje. Nikasema sijafungiwa, nilikuwa napita. Ukacheka, Bienvenu, kile kicheko cha baba yako. Ukaniuliza nimekula nini, nikakuuliza baridi imefika wapi, ukanisimulia mtoto alivyoanguka kwenye barafu akakataa kulia, na mimi nimesimama pale pale naongea na ukuta mpaka jirani akatoka kuangalia kama nimerudiwa na ugonjwa. Tangu Pasaka hatujazungumza hivyo. Kumbe simu ya mama yako unaiacha iite, lakini mlango wake unaujibu hapo hapo.

Basi kengele isiguswe. Mwambie Eliezeri asiikaribie hata kwa kitambaa cha vumbi. Kesho nitakwenda sokoni, na nikirudi nitasimama mlangoni na mboga zangu. Funguo ninazo, lakini nitabonyeza.