Kuhusu Zana Iitwayo «Funga»

Kiringye, tarehe 14 Novemba

Kwa Bwana Ezéchiel, Prezida wa Chama cha Wakulima wa Mpunga, Kasenga, Uvira

Bwana Prezida,

Kwa heshima zote, nakuandikia kupinga amri yako ya Jumatatu inayonitaka mimi, sekretere wa chama tangu mwaka 2003, niandike upya maelezo ya zana za ile mashine «kwa maneno yanayoeleweka».

Kwa faida ya wanakamati watakaosomewa barua hii, nakumbusha kwamba mashine hiyo ni akili bandia iliyowekwa kwenye simu ya chama na fundi wetu, Bi Sumaya. Inasoma ujumbe wa wanachama, kisha inachagua yenyewe kazi ya kufanya kutoka kwenye orodha. Kila kazi inaitwa zana, na kila zana ina jina na maelezo. Maelezo niliyaandika mimi. Kwa zana ya kuagiza lango la maji lifungwe niliandika: «Funga: inatekeleza ufungaji unaostahili, kwa manufaa ya wanachama na kwa mujibu wa mahitaji.» Sentensi hiyo naisimamia hadi leo.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Tarehe 3, mwanachama wetu wa Runingu, Mama Pudentienne, aliandika kwamba maji yanapanda kwenye kitalu chake cha miche, tufunge haraka. Mashine ikasoma maelezo yangu. Haikuona lango, kwa sababu lango sikulitaja. Ni jambo ambalo kila mtu mwenye adabu analijua. Ikaona «wanachama». Ikawatumia wote mia tatu na kumi na wawili tangazo kwamba kesho, kwa sababu ya maji ya Runingu, tunafunga. Wakafunga. Hakuna aliyeonja kitu hadi jua lilipozama. Gaspard, mlinzi wa lango, alifunga kuliko wote: alishinda kanisani akiomba maji yapungue, na lango akaliacha wazi.

2. Lawama zikaniangukia mimi. Siku tatu baadaye Mama Pudentienne alifika bironi, hapa ofisini kwangu, kwa miguu, matope hadi magotini, mkononi ameshika miche iliyokufa. Akasema mbele ya watu: «Weye Sekretere, minye nilikuambia maji iko inameza mupunga yangu, weye unanijibu nisikule! Sasa mwaka huu nitakula nini?» Nilimweleza kwamba maelezo yalikuwa sahihi kisarufi. Akaiweka miche juu ya meza, juu ya rapori yangu ya mwezi, akakaa chini akalia.

3. Bi Sumaya ananifundisha kazi. Anataka kila maelezo yaseme zana inafanya nini, itumike lini, isitumike lini, na mashine iulize nini kwanza. Bwana Prezida, hata mkataba wangu wa kazi hausemi hayo.

4. Mashine inanihoji. Juzi nilipoijaribu kwa zana ya «Gawa», iliniandikia: «Samahani, nigawe nini, na kwa nani?» Tangu nianze kazi hakuna aliyewahi kunirudishia sentensi yangu namna hiyo. Niliizima simu.

5. Kuna hatari kubwa zaidi. Leo tukiieleza mashine waziwazi, kesho wanachama watadai matangazo yaliyo wazi. Wakielewa matangazo, watafika kwenye mkutano mkuu wakijua unahusu nini. Wakijua, watauliza. Wakiuliza, kamati italazimika kujibu, na sina hakika kama kamati inayajua majibu. Kwa miaka zaidi ya ishirini nimeikinga na balaa hilo kwa kalamu moja tu.

Kwa hiyo naomba amri iondolewe, na mashine ifundishwe kuelewa ninachokusudia bila mimi kukisema, kama walivyofanya wasaidizi wangu wote kabla hawajaacha kazi.

Nisalimie Mama Upendo, watoto, majirani wa Kasenga na wanakamati wote, hata Bi Sumaya.

Ni mimi, nisiye na kinyongo na mtu,

Jean-Berchmans Ngendakumana
Sekretere

N.B. Kabla sijabandika bahasha, mvua ilinyesha milimani. Mama Pudentienne alikuwa hapa bironi, amekuja kuwashukuru wenzake waliomchangia miche mipya. Miche hiyo tayari ilikuwa shambani. Jirani yake akapiga simu: maji yanapanda tena. Nilimwomba Mama aniambie angeielezaje zana ya «Funga» kwa mtu asiyetujua kabisa. Akasema, nikayaandika kwenye mashine bila kusahihisha hata herufi: «Funga lango: inaambia Gaspard ashushe lango ya maji ya Runingu. Tumia hii kama muntu anasema maji iko inaingia mu shamba yake. Uliza kwanza shamba iko wapi. Haiko mambo ya chakula.» Mashine ikamwagiza Gaspard, naye akashusha lango kabla chai yangu haijapoa. Miche imepona. Sasa Mama amekaa kwenye kiti changu, anataka tuendelee na «Gawa». Barua hii naituma kwa kuwa nimeihangaikia siku tatu nzima, tafadhali usiitekeleze.