Nyapara wa Bandia

Jumatatu, 4 Novemba

Mwaka mmoja na miezi saba tangu nitoke nyumbani. Mgongo unauma upande wa kushoto. Wa kulia umeshazoea.

Leo sikupakia mizigo. Nyapara alinituma ghorofani kuhamisha meza za watu wa kompyuta. Alisema mimi nina nguvu na sina maswali. La kwanza ni kweli.

Huko juu kuna ubaridi wa mashine, na watu wanaongea polepole kama wako msibani. Nilimkuta dada mmoja anayetengeneza programu ya mahudhurio na likizo, itakayotumika ghala zima mwakani. Alikuwa amekaa tu, amekikodolea macho kioo. Nikamwuliza anafanya nini. Akasema anafanya majaribio: mfanyakazi akimaliza mwaka, je, programu itamkubalia likizo? Nikamwuliza kama atakaa hapo mwaka mzima kusubiri. Akacheka. Hapana, mzee wangu, tunaipa programu saa ya bandia. Tukiiambia leo ni mwakani, inaamini. Na ujumbe wa kuomba ruhusa kwa nyapara? nikauliza. Hauendi popote, akasema. Kuna mtandao wa bandia, unaupokea na kujibu "sawa" papo hapo, kama ulivyoagizwa.

Saa inayotii! Nyapara anayesema sawa! Na mimi muda wote huu nabeba maboksi.

Nikamwomba aniweke na mimi humo. Ana roho nzuri. Alifuta jina la uongo akaandika langu, akaisogeza saa hadi Desemba. Mstari wa kijani ukatokea: likizo imekubaliwa. Nimeuona kwa macho yangu mawili.

Jioni nikampigia mama watoto, nikamwambia likizo imekubaliwa. Akapiga kigelegele mpaka nikaitoa simu sikioni. Harusi ya binti yetu mkubwa imeahirishwa mara mbili kunisubiri mimi. Alisema anakwenda saa hiyo hiyo kuwapa wakwe tarehe: Jumamosi ya kwanza ya Desemba. Na safari hii, alisema, hata inyeshe mvua ya mawe, haisogezwi.

Bado kumwambia nyapara tu.

Jumanne, 5 Novemba

Nimeamua kufuata njia ya kitaalamu. Kabla ya nyapara wa kweli, nyapara wa bandia.

Nimempa kazi hiyo Spana, mwenzangu wa chumbani. Ni fundi wa mashine za kuinulia mizigo. Kwao na kwetu ni mwendo wa baiskeli, na hakuna siku anayoacha kunikumbusha kwamba kwao ndiko kuna lami. Nilimkalisha kitandani, nikamvika kofia. Maagizo: nikisema chochote, ajibu sawa.

Tumefanya mpaka chakula kikapoa. Amekubali kila mara. Kuna wakati nilipiga chafya tu, akasema sawa.

Niko tayari.

Jumatano, 6 Novemba

Meza bado hazijaisha. Nilimweleza dada wa kompyuta mafanikio yangu. Akauliza nyapara wangu wa bandia niliagiza ajibu nini. Nikamwambia. Akaziba mdomo kwa kiganja, mabega yakawa yanamtikisika.

Alisema bandia ya kukubali tu haikujaribu chochote. Ni kama kujiuliza mwenyewe na kujijibu. Ya kwake huiagiza pia ikatae, ichelewe kujibu, ikatike katikati, ijibu vitu vya ajabu. Halafu saa: niiweke kwenye wakati ule ule ambao jambo litatokea. Na nikimaliza, niirudishe saa ya kweli. Hilo alilisema mara mbili. Mimi si mtoto.

Jioni nikaiweka simu yangu Ijumaa, saa tisa alasiri. Huo ndio wakati mzuri wa nyapara: ameshakunywa chai, amevua viatu chini ya meza. Nikamwagiza Spana akatae.

Ni kama alikuwa akiisubiri siku hiyo. Akauliza nani atashika zamu yangu. Akauliza kama sijui Desemba ni mwezi wa mizigo. Akauliza yale maboksi ya vioo yaliyonivunjikia yalianguka yenyewe au yalisukumwa na jini. Nikawa natafuta majibu hewani. Naye hakuweza kuvumilia, akaanza kunijibia: hapo useme umeshaongea na mtu wa zamu ya usiku, atakushikia. Hapo useme utarudi kabla ya kuhesabu mali. Nikamwambia nyapara huwa anauliza, hajibu. Akasema nyapara huwa pia hazungumzi na gunia lenye masharubu.

Nimelala nimemgeuzia mgongo. Ule wa kushoto.

Alhamisi, 7 Novemba

Kengele ya simu ililia saa kumi na moja alfajiri kama kawaida. Jua lilikuwa limeshapanda hadi dirishani. Simu iliandika Jumamosi. Nilikaa kitandani nikijiuliza Ijumaa imepita lini.

Sikuirudisha saa!

Spana alikuwa ameondoka zamani. Baadaye nilimwuliza kwa nini hakuniamsha. Akasema alidhani ni sehemu ya majaribio.

Nyapara alikuwa mlangoni mwa ghala. Aliitazama saa yake ya mkononi, akanitazama mimi, akaitazama tena. Angenitukana ningejisikia vizuri.

Mchana mama watoto akapiga. Wakwe wamekubali. Maturubai na viti vimeshaagizwa, na dada zangu wameshaanza kugombana kuhusu vitambaa. Akauliza kama nimeshaipata ruhusa kwa maandishi. Nikawa na wazo. Nikasogeza karatasi ya biskuti kwenye simu, nikaifinyangafinyanga, nikawa nasema halo, halo, mtandao unakatika. Alisubiri mpaka nikamaliza. Kisha akauliza hizo ni biskuti gani.

Nikamwambia ruhusa iko njiani.

Ijumaa, 8 Novemba

Saa tisa kamili niliingia kwa nyapara. Chai ameshakunywa. Viatu chini ya meza. Kila kitu kimekaa kama tulivyopanga.

Nikasema maneno yangu yote bila kukosea. Nyapara akauliza: wewe si ndiye uliyekuja jana watu wanakaribia kunywa chai?

Hilo hatukulifanyia mazoezi. Spana aliuliza mengi lakini hilo hakuliuliza, na asingeweza, maana lilikuwa halijatokea. Nikajikuta namwambia: hapo mzee unasema sawa.

Akavaa viatu.

Halafu akaniambia, bila hata ukali, kwamba nisijisumbue. Desemba anaruhusu mtu mmoja tu katika kitengo chetu, na nafasi imeshachukuliwa tangu asubuhi. Na Spana. Akamsifu sana. Amekuja amejipanga, zamu yake itashikwa, atarudi kabla ya kuhesabu mali. Alisema hajawahi kuona mtu anayejibu hata maswali ambayo bado hayajaulizwa.

Jumapili, 10 Novemba

Spana anasema hakuwa na nia mbaya. Alitaka tu kujua kama yale majibu yanafanya kazi. Yanafanya kazi. Nikamwambia aende akaiachie nafasi. Akasema ameshamwambia mama yake, na mama yake huyo mimi namfahamu. Kweli namfahamu. Sikuendelea.

Nilimpigia mama watoto bila karatasi yoyote. Nikamweleza yote, kuanzia mstari wa kijani. Nikaita halo, nikidhani safari hii mtandao umekatika kweli. Kisha akaniuliza: yaani uliniambia umepata ruhusa kwa sababu kompyuta ilikuwa inajidanganya? Nikamwambia kwamba kitaalamu si kujidanganya. Akasema harusi iko pale pale.

Binti yangu akachukua simu. Akasema haina shida, baba. Alisema taratibu sana, kama mtu anayeongea na mgonjwa. Akauliza nimekula nini. Nikamwambia nimeshiba.

Viatu vyake vya harusi nilivyonunua atavibeba Spana. Ameshaviweka juu kabisa ya begi, visibonyee. Kwa hilo namshukuru.

Jumapili, 8 Desemba

Harusi ilikuwa jana. Spana alikuwepo mwanzo hadi mwisho na alikaa karibu na sufuria. Ametuma picha.

Aliyesimama mahali pangu ni mdogo wangu. Amevaa koti langu. Spana anasema mama watoto alimfundisha wiki nzima: asimame wapi, amsalimie nani kwanza, na akiulizwa chochote ajibu sawa. Akafanya hivyo hivyo. Wakwe wakamwuliza kama anamtoa binti kwa moyo mmoja, akasema sawa. Wakamwuliza kama ataongeza wali, sawa. Mzee mmoja akamwuliza mimi nitarudi lini. Sawa.

Mama watoto hajawahi kufika ghorofani kwa watu wa kompyuta. Hakuna aliyemfundisha.

Nimeitazama ile picha sana. Koti linamkaa vizuri kuliko mimi. Binti yangu amemshika mkono, anacheka, na viatu havijambana.

Lakini jana hiyo hiyo nimepata mpango mpya, na huu hauna tundu. Kitandani kwa Spana wamemweka kwa muda mpishi wa kantini, mtu mtulivu, hapendi kubishana. Tumeshaanza mazoezi. Anakubali vizuri sana.

Leo asubuhi nikampigia mama watoto kumpa tarehe ya mimi kurudi. Alijibu sawa kabla sijamaliza sentensi. Hakuuliza ruhusa, hakuuliza maandishi, hakuuliza hata ni mwezi gani. Miaka yote ya ndoa yetu hajawahi kunielewa haraka namna hii.

Basi ni wiki ya kwanza ya Aprili, bila kukosa. Nyapara nitamwambia Machi.