Pima Maji Haijipimi

Jumatatu, 9 Juni. Mugutha, Ruiru.
Nyapara wetu amehamia mjengo wa Kalimoni. Nataka nafasi yake. Nyapara habebi mawe, na mgongo wangu umenizidi umri. Jackie, mwenye nyumba tunayojenga, ametoka semina Thika. Anasema kila asubuhi tufumbe macho dakika kumi, tufuate pumzi, tujiangalie ndani. Jumamosi kila fundi atataja kasoro yake, na anayejijua zaidi ndiye nyapara. Hii ni yangu. Njau, fundi mwenzangu, hawezi kufumba hata mdomo.

Jumanne, 10 Juni.
Nimekaa juu ya mfuko wa simiti, nikajichungulia. Hasira hakuna. Wivu hakuna. Uvivu nimeutafuta hadi pembeni. Syombua, anayetupikia githeri, alisema nilikoroma. Nikamweleza kwamba huko ndiko ndani kabisa. Akasema basi Nzioki, ndani yako kuna posho mill inayosaga mahindi.

Alhamisi, 12 Juni.
Nimejichungulia mara tatu. Safi. Sasa Jumamosi nitataja nini? Nilimwomba Syombua anitafutie kasoro. Hakufikiri hata kidogo. Akataja wivu, ubishi, usingizi, kisha akavuta pumzi aendelee. Nikamwambia nilitaka moja, tena nzuri.

Jumamosi, 14 Juni.
Nilisema kasoro yangu ni kujijua kupita kiasi. Mafundi walicheka hadi wakakaa chini. Njau akasema yeye hajijui, ndiyo maana huomba mwenzake akague ukuta wake. Jackie akamtuma akague wangu. Nikaweka pima maji yangu, kipimo cha kuonyesha kama ukuta umelala sawa, juu ya mawe. Povu ndani ya kioo chake katikati, sawa kabisa. Njau akaigeuza, upande wa kulia ukaja kushoto. Povu likakimbilia pembeni. Akaniambia polepole, kama mtu anayepeleka habari za msiba, kwamba imeharibika kitambo, na itaniambia iko sawa mpaka siku nitakapoigeuza.

Ukuta unabomolewa. Njau ni nyapara. Syombua alinipakulia githeri mara mbili.

Jumatatu, 16 Juni.
Nimebeba mawe ya ukuta wangu mwenyewe. Njau alinipa pima maji mpya, akasema nimwite nikimaliza kila mstari. Nikakataa. Ile ya zamani tumezoeana.

Kisha dakika kumi juu ya simiti. Nimejikagua vizuri kuhusu Njau. Wivu hakuna, hata chembe. Nikainuka nimetulia, nikaenda kujaza mchanga kwenye gambuti zake, vile viatu vyake virefu vya mpira.